Aliyeita Mara Moja

Sogeeni karibu, na wa kusinzia asinzie kwa adabu. Hadithi hii ina fundo mwishoni, na fundo lenyewe hakulifungua aliyenisimulia wala sikulifungua mimi, kwa hiyo mtu asije kunilaumu kwamba nimempotezea usingizi bure. Nikimaliza nitauliza swali. Nyinyi mtagombana, nami nitakunywa chai yangu.

Huko kaskazini, ambako miti imekata tamaa yakabaki mawe meusi na uwanda wa chumvi, palikuwa na hifadhi iitwayo Haldera. Wanyama wake walikuwa choroa, mbuni, na punda milia wale wa masikio makubwa. Walinzi wake walipiga doria kwa ngamia, kwa sababu gari likizama katika chumvi ile huachwa papo hapo likawa nyumba ya nge. Na miongoni mwa walinzi hao walikuwapo watatu wenye vipawa.

Wa kwanza ni Talaso, mwanamke wa Kigabra, na kipawa chake kilikuwa sikio. Alikuwa akilaza shavu chini anakwambia, "Choroa hao, wanakunywa," ukienda unawakuta midomo imelowa. Majangili walimwogopa kuliko bunduki. Walisema ukifikiria uovu karibu na Talaso, fikiria polepole.

Wa pili ni Ekwam, Mturkana mrefu asiyependa kusema. Yeye alisoma ardhi. Alama ya kwato iliyoachwa jana ilimwambia kama mnyama alikuwa na mimba, kama alikuwa na haraka, kama alikuwa akifuatwa. Watu walimtania kwamba hajui sura ya mkewe, anajua nyayo zake tu.

Wa tatu ni Bulyar, Mrendile, mwenye koo la ngamia. Angeweza kutembea jua zima bila kugusa maji, na pua yake ilinusa unyevu chini ya mchanga. Ndiyo maana yeye ndiye aliyekabidhiwa maji ya doria. Ukimpa kibuyu kimejaa asubuhi, jioni anakurudishia kimejaa, na juu yake anakuuliza kama wewe umekunywa.

Tena kulikuwa na koplo wao, Dabaso. Dabaso hakuwa na kipawa chochote. Alishona matandiko ya ngamia yaliyochanika, aligawa tumbaku yake mpaka ikaisha, na alicheka vichekesho vya wenzake hata visivyochekesha. Alikuwa mtu wa kupendwa tu, na nyinyi mnaojua kazi za mbali na nyumbani mnajua mtu wa namna hiyo ana thamani gani.

Sasa sikilizeni jinsi alivyopotea.

Ilikuwa alasiri, wanarudi kambini wanne hao, wakaona ukuta wa vumbi unakuja. Kanuni ya vumbi inajulikana: unamlaza ngamia, unajikunyata nyuma yake, unajifunika, unangoja. Walifanya hivyo. Lakini ngamia mmoja mwenye madebe alikata kamba akakimbia.

"Kaeni hapo," Dabaso akasema. "Namfuata mjinga yule, narudi sasa hivi."

Vumbi likawafunika kabla hajafika mbali. Talaso alijilaza nyuma ya ngamia wake, kitambaa usoni, asione hata mkono wake. Na ndani ya kelele zile akasikia anaitwa.

"Talaso."

Mara moja tu.

Hapa lazima niwaeleze jambo, maana bila hilo mtamwona Talaso mtu mbaya, na hakuwa mtu mbaya. Walinzi wa Haldera wanafundishwa siku ya kwanza, kabla hata ya bunduki: jangwani binadamu akikuita huita mara mbili. Kinachoita mara moja si binadamu. Usikiitikie, maana ukikiitikia kimekujua, na kikikujua hakikuachi. Tena vitu hivyo huazima sauti za watu unaowafahamu.

Talaso aliijua sauti. Ilikuwa ya Dabaso. Akangoja ya pili. Ita tena, aliomba moyoni. Ita tena basi, nami nitakuitikia. Alikaza sikio lake lile lisilokosea kitu, likasikia upepo, na ngamia anavyopumua, na basi. Akavuta kitambaa akaziba masikio.

Vumbi lilipotulia, Dabaso hakuwapo.

Wakamtafuta. Ukingoni mwa uwanda wa chumvi, Ekwam aliona alama za viatu vya Dabaso kwenye tope bichi, vidole vimeelekea magharibi, kwenye vilima. Kanuni ya msoma nyayo ni moja: mguu hausemi uongo. Akaongoza magharibi, wakatembea magharibi, wakaita magharibi. Hawakupata hata uzi.

Maji yalipofika nusu, Bulyar alisimama. Kanuni ya maji nayo ni moja: nusu ya kwenda, nusu ya kurudi, na anayeinywa nusu ya kurudi amewachimbia wenzake kaburi. "Tugeuke," akasema. Talaso alimtazama. Bulyar mwenyewe alikuwa bado hajanywa tone, koo lake lingeweza kuendelea. Lakini la wenzake lisingeweza, na akawageuza. Makao makuu walituma ndege ndogo, ikazunguka, ikaenda zake. Jina la Dabaso likasomwa kambini, watu wakavua kofia.

Hayo yote mnayaona? Hakuna aliyevunja kanuni. Kila mmoja alifanya vile alivyofundishwa, na mtu akapotea.

Basi kila jioni upepo ulipoanza, Talaso aliitwa. Mara moja, kwa sauti ile ile, kutoka kwenye chumvi. Mwanzoni alitoka nje akatazama. Halafu akaacha kutoka. Halafu akaanza kuziba masikio mapema, hata kabla jua halijashuka, na mtu akimwita kwa kazi haitiki mpaka aitwe mara ya pili. Wenzake wakadhani amekuwa na kiburi.

Talaso alikuwa na binti, Darmi, umri wa kuanza kukimbia ovyo. Jioni moja mtoto alikuwa akicheza nyuma ya nyumba, nge akamchoma mguuni. Mtoto akaita, "Aayo!" yaani mama kwa lugha ya kwao, kisha maumivu yakamkata sauti. Talaso alikuwa ndani. Alisikia. Akakaa pale pale kitandani, mikono masikioni, anangoja aitwe mara ya pili.

Jirani ndiye aliyemwokota mtoto. Darmi alipona, lakini alipoweza kusema, alisema, "Aayo, hukunisikia?"

Ungesema nini? Kusema sikukusikia ni uongo. Kusema nilikusikia ni kumchoma mtoto mara ya pili. Talaso alimshika mguu uliovimba akalia, na ndani ya kilio kile aliona wazi kwamba mambo yakiendelea hivi siku moja atampoteza Darmi, na hatakuwa na wa kumlaumu.

Asubuhi akawaendea Ekwam na Bulyar jikoni kambini. Hakuzunguka mbuyu.

"Nyinyi mnalala?"

Wanaume walitazamana. Ekwam ndiye aliyetangulia, yeye asiyependa kusema. Alisema kila akiamka hukuta nje ya mlango wake unyayo mmoja wa kiatu cha Dabaso, vidole vimeelekea magharibi. Mmoja tu, hakuna uliotangulia wala uliofuata. Ameanza kutokea dirishani ili asiukanyage. Mkewe amerudi kwao, amesema hawezi kuishi na mtu anayeingia na kutoka kama mwizi.

"Na wewe?" Talaso akamuuliza Bulyar.

Bulyar alikuwa ameshika jagi la maji. Alikuwa amelimaliza tangu wakae, wala hawakugundua. "Nina kiu," akasema. "Tangu siku niliyowageuza nina kiu. Nakunywa mpaka natapika, na kiu iko pale pale. Mimi, Bulyar." Akajaribu kucheka, ikashindikana.

Talaso naye akawaeleza juu ya sauti inayomwita kila jioni. Kisha akasema, "Leo jioni nitamwitikia."

"Kitakujua," Ekwam akasema.

"Kimenijua zamani, ndugu yangu."

Wakaenda mpaka ukingo wa chumvi. Jua lilipoinama, upepo ukaamka, na sauti ikaja. "Talaso." Wale wawili hawakusikia kitu, waliona tu mwenzao ametega sikio. Kisha wakamsikia akiita kwa nguvu zake zote, akivunja kanuni aliyoishi nayo:

"Abee!"

Kimya. Upepo wenyewe ulikatika. Halafu Talaso akasikia sauti inatoka wapi, akanyoosha mkono, na mkono haukuelekea vilimani. Ulielekea mashariki, katikati ya chumvi.

"Haiwezekani," Ekwam akasema. "Nyayo zilielekea magharibi, mliziona." Lakini hata akisema alikuwa ameshapiga magoti. Zile alama bado zilikuwapo kwenye tope, zimekauka zikawa ngumu. Akazipapasa kama kipofu. Kisigino hakikuzama. Vidole vilichimba. Na hatua zilikuwa fupi, za mtu asiyeona aendako.

Ekwam alikaa chini. "Alikuwa akitembea kinyumenyume," akasema. "Upepo ulitoka mashariki, naye aliupa mgongo ili vumbi lisimpige macho. Alikuwa anakwenda mashariki, uso umetutazama sisi. Nami nikawapeleka magharibi." Alijipiga kofi kwenye paji la uso, na halikuwa kofi la mchezo.

Kulipokucha wakaingia kwenye chumvi, Ekwam mbele. Na ili asikosee tena, alikwenda kama Dabaso alivyokwenda, kinyumenyume, macho kwenye nyayo, hatua kwa hatua. Talaso aliyekuwa nyuma alikuwa akiuona uso wa Ekwam unachomoza kwenye mvuke wa joto, kisha unafifia, na moyo ulimwambia ndivyo uso wa Dabaso ulivyokuwa ukiwatazama. Nyayo zilipopotea kwa sababu ya ugumu wa ardhi, alilaza shavu akasikiliza, akaonyesha upande. Zikapatikana tena.

Maji yakafika nusu. Wote wawili wakamgeukia Bulyar. Bulyar alitikisa dumu, akalisikiliza, akalitia begani. Hakusema tugeuke. Akapita mbele akaendelea, na kuanzia hapo kila fungu lake aliwagawia wao, naye kiu ile inamtafuna. Maji yakaisha. Talaso aliona midomo ya Bulyar imepasuka damu, na hakumsikia akilalamika, na mtu mwenye sikio kama lake angesikia.

Mchana ulipokuwa mkali kabisa Bulyar alisimama kwenye kibonde, akanusa, akaanguka magotini, akaanza kuchimba kwa mikono. Alichimba ganda la chumvi, akachimba mchanga, mchanga ukawa na ubaridi, na mkono wake ukashika kamba. Kamba ya ngamia. Mwisho wa kamba ulikuwa mkono wa shati la kazi.

Dabaso alikuwa amelala juu ya shimo alilolianza mwenyewe. Yeye asiye na kipawa alikuwa amebahatisha mahali pa maji. Alichimba mpaka nguvu zikamwishia, na maji yalikuwa chini yake kiasi cha urefu wa mkono.

Wakamtoa kwa upole. Wakachimba pale pale, maji machungu yakapanda, wakanywa, maana wangefanya nini? Bila maji yale wangekuwa wanne waliolala kwenye chumvi. Bulyar alikunywa sana. Kiu haikuondoka.

Wakamfunga kwenye shuka, wakambeba kwa zamu mpaka nchi ya mawe.

Sasa njooni kwenye fundo lenyewe, na wewe wa huko nyuma, mwamshe mwenzako.

Walinzi wa Haldera wana mila yao juu ya mtu aliyepotea na kupatikana. Hufunikwa kwa mawe, na jiwe la kwanza hutolewa na mama yake. Mama haliweki yeye, hulitoa tu kwa mtu aliyemchagua. Huyo hulishika mkononi, hulitua juu ya kifua cha marehemu na kusema, "Fulani, tumeachana kwa heri." Tangu hapo marehemu hamfuati tena. Lakini jiwe la kwanza likishatua, marehemu hasikii tena neno la mtu yeyote. Wanaofuata wanaweka mawe, basi, na kama alikuwa akiwafuata, atawafuata mpaka siku zao.

Najua yupo mjanja anayetaka kuniambia waliweke kwa pamoja. Kaa chini. Mkono mmoja, sauti moja, ndiyo mila. Sauti tatu zikisemwa pamoja, marehemu hatambui ni nani aliyemuaga, na haagani na yeyote.

Mama yake Dabaso alikuwa bibi mmoja mwembamba, Kabale jina lake. Alikuja juu ya ngamia, na ndani ya shuka yake alibeba jiwe jeusi kwa masizi. Lilikuwa figa la jikoni kwake, moja kati ya matatu aliyopikia tangu Dabaso yuko mgongoni. Nyumbani yamebaki mawili, na hakuna chungu kinachokaa juu ya mawili.

Akasimama kando ya kaburi, jua limeshashuka sana, na jiwe lazima litue kabla jua halijazama. "Nani aliyemrudisha mwanangu?"

"Mama," Ekwam akasema, "sikio lilituonyesha upande tu. Chumvi ile haina mwisho. Bila nyayo tungepita kando yake tusijue. Nami mlango wa nyumba yangu siupiti. Mke wangu ameniacha."

"Mama," Bulyar akasema, "hao wawili wangefia njiani. Maji yangu wameyanywa wao. Na ni mkono wangu huu uliomgusa. Nina kiu, mama. Sijui nikuelezeje kiu hii."

Ikabaki zamu ya Talaso. Aliogopa. Angeweza kusema nusu ya ukweli, kwamba yeye ndiye aliyesikia alipo, na ingetosha. Lakini alimfikiria Darmi na mguu wake, akaona kwamba jiwe lililopatikana kwa kuficha lisingemsaidia kitu.

"Mimi ndiye niliyesikia alipo, mama," akasema. "Lakini nilimsikia pia siku ile. Alikuwa hai. Aliniita, nami sikumwitikia."

Ekwam na Bulyar waligeuka kumtazama. Hilo hakuwa amewaambia.

"Alikuita mara ngapi?" Kabale akauliza.

"Mara moja, mama. Tumefundishwa kwamba binadamu huita mara mbili. Nilingoja ya pili. Nilingoja sana."

Kikongwe akaliangalia jiwe mkononi mwake. Alipoanza kusema, alisema polepole, kama anayejiambia mwenyewe.

"Huyu ni mwanangu wa pekee. Tangu anatambaa, akiita 'Aayo' mara moja, mimi nimeshafika. Sikumwacha hata siku moja aite mara mbili. Watu walinicheka, wakasema namdekeza." Akaligeuza jiwe mkononi. "Hakujua kwamba watu wengine lazima uwaite tena. Mimi sikumfundisha."

Talaso alipiga magoti akaishika miguu ya mama yule, akalia. Kabale akaweka mkono mmoja juu ya kichwa chake. Hakumsukuma, wala hakusema amemsamehe. Mkono wa pili, wenye jiwe, ulikuwa bado umekunjwa kifuani.

Jua likagusa vilima. Upepo ukaanza kutoka kwenye chumvi, na sauti ikaja, mara moja, na safari hii wote wanne waliinua vichwa. Talaso alisikia jina lake. Ekwam alisikia lake, na Bulyar lake.

Na Kabale aliposikia, vidole vyake vililikaza lile figa mpaka masizi yakamganda mkononi, mdomo ukamfunguka kuitika, na hapo ndipo watatu wale wakatambua kwamba naye, tangu mwanawe apotee, alikuwa akiitwa "Aayo" kila jioni, kila jioni amekuwa akitoka mbio na kurudi mikono mitupu.

Mila inasema mama halitui jiwe. Lakini hakuna aliyekuwapo pale ambaye angemzuia.

Basi hapo ndipo nilipoachiwa, nami nawaachia. Kuna aliyesikia, akasema ukweli wake. Kuna aliyeona, akasahihisha kosa lake kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua. Kuna aliyebeba, akatoa maji yake akiwa na kiu kuliko wote. Ukimwondoa mmoja, Dabaso yuko chini ya chumvi mpaka leo. Na kuna aliyemzaa. Jiwe ni moja, na jua limebaki wembamba wa ukucha.

Je, wewe ungelitia mkononi mwa nani? Jibu, usijikune kichwa. Na ukishajibu, watazame usoni wale watatu uliowanyima, uwaambie jioni ya kesho, upepo ukianza, wafanye nini.